Ukuta wa Chumba cha Mama

Msikilizaji, kabla sijaanza, naomba utege sikio kidogo usikilize kilicho nyuma ya sauti yangu.

Husikii kitu. Chumba hiki nilichokaa kiko hatua chache kutoka barabara ambayo saa hizi imejaa daladala, bodaboda na wapiga debe, na nyuma ya jengo kuna jenereta inayonguruma tangu umeme ulipokatika saa kumi. Hayo yote yanabaki huko huko nje. Wageni wanaoingia studio kwa mara ya kwanza hutazama kuta, wakaona sponji hizi nyeusi zenye vinundu vinundu, wakatikisa kichwa kana kwamba wameshaipata siri. Wiki iliyopita mmoja wao aliniuliza zinauzwa wapi, maana jirani yake amenunua sabufa na tangu hapo usingizi umehama nyumbani. Nilimjibu kwa haraka kwamba sponji hazitamsaidia. Taa nyekundu ikawaka, tukaingia hewani, na yule bwana akaondoka bila jibu la kueleweka.

Leo nimekuja na jibu lenyewe. Mimi si mhandisi. Nililipata kwa kukosea chumba cha mama yangu.

Mama alihamia kwetu Dar es Salaam kutoka Tanga baada ya kupasuliwa goti. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule kubwa, tukaamua kuikata sebule ili apate pa kujilaza. Fundi akasimamisha fremu ya mbao za mbili kwa nne, akapiga bodi nyembamba ya jipsamu upande huu na upande huu, akaziba viungo kwa tepu, akapiga msasa, akapaka rangi. Siku tatu kazi imekwisha. Ukiutazama ule ukuta ungedhani umejengwa pamoja na nyumba.

Mwezi wa pili, usiku, mimi na mke wangu tulibaki sebuleni watoto walipolala. Daktari alikuwa ametuambia goti la pili nalo litahitaji kupasuliwa. Tulikuwa tukipiga hesabu: kipi kiuzwe, nani akopwe. Tulizungumza kwa sauti ya chini kabisa, kama watu wanavyozungumza wanapomficha mgonjwa. Tukataja kiwanja chetu cha Mkuranga. Asubuhi mama akanywa chai yake, akaweka kikombe mezani, akaniambia, "Baba, kile kiwanja msikiuze. Goti hili nimeshalizoea."

Sikuwa na la kusema. Mama hakuwa amekaa mlangoni akitusikiliza. Alikuwa kitandani, na ukuta ule mzuri wa rangi ya maziwa ukampelekea kila neno. Ndipo nikaanza kuifikiria pia safari ya pili ya sauti, ile ya kutoka kwake kuja kwetu. Mtoto wangu mdogo alikuwa ameniuliza siku chache kabla kwa nini bibi analia usiku. Nilidhani ameota.

Sisi watu wa pwani tuna neno sitara. Tunalitumia kwa nguo, kwa pazia, kwa ua wa makuti uliozunguka uwani, kwa dua pia. Mtu anapomjengea mama yake chumba, anamjengea sitara. Mimi nilikuwa nimemsitiri na macho tu.

Nikaenda kununua pamba ya kioo, ile ya njano inayouzwa kwa roli, ambayo wengi huitandaza juu ya silingi kupunguza joto la bati. Fundi akafungua bodi za upande mmoja, akajaza pamba katikati ya mbao, akafunga tena, akapaka rangi upya. Usiku ule tukajaribu. Mke wangu akakaa kitandani kwa mama, mlango umefungwa, mimi nikasoma gazeti sebuleni kwa sauti ya kawaida ya kuzungumza. Alipotoka alinisimulia habari yote, pamoja na jina la waziri na idadi ya madarasa aliyoyazindua.

Hasira yangu yote iliiangukia ile pamba. Niliona nimeuziwa takataka. Ilinichukua wiki kadhaa za kuuliza mafundi mitambo wetu hapa redioni, na usiku kadhaa wa kupitisha mkono juu ya ule ukuta, kuelewa kwamba pamba haikuwa na kosa. Tuliipa kazi ambayo si yake, tukaiacha peke yake.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ninaposema neno sebuleni, hewa inaisukuma bodi ya jipsamu, bodi inacheza kama ngozi ya ngoma, ingawa ni kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana. Bodi ile imepigiwa skrubu kwenye mbao, kwa hiyo mbao nazo zinatikisika. Upande wa pili wa mbao zile zile kuna bodi nyingine imepigiwa skrubu, nayo inaitikia na kuisukuma hewa ya chumbani kwa mama. Hiyo ni njia ya kwanza, ya kupitia mifupa ya ukuta. Njia ya pili inapita kwenye hewa iliyofungiwa kati ya bodi mbili, na hapa ndipo pamba inapofanya kazi: nyuzi zake zinaichosha ile hewa inayotetemeka. Katika fremu ya mbao kama ile yangu, pamba pekee huongeza desibeli chache tu, mara nyingi tatu au nne hivi. Ukiwa kitandani tofauti hiyo utaisikia kwa shida.

Na kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyoniumbua. Sauti haihitaji kupenya ukuta ikiwa inaweza kuuzunguka.

Wale waliokulia Magomeni, Manzese au Tandika wananielewa kabla sijamaliza. Nyumba zetu za vyumba sita, korido katikati, vitatu huku na vitatu huku, uwani na choo nyuma. Kuta za vyumba zilikuwa za tofali, nzito, zimepigwa lipu vizuri. Lakini ziliishia usawa wa linta au juu yake kidogo. Kutoka hapo kwenda juu ni kenchi na bati, hewa moja kwa nyumba nzima. Mtu wa chumba cha mbele akipiga chafya, mama wa chumba cha nyuma anamwitikia. Mtoto akichapwa, nyumba nzima inajua kosa lake. Ugomvi wa mume na mke ulikuwa mali ya wapangaji wote, na asubuhi kila mmoja alijifanya hakusikia, kwa sababu adabu ilibidi ifanye kazi ambayo ukuta uliishindwa. Uwazi ule ulikuwa na faida yake, siudharau: joto la mchana lilipata pa kupitia, na nyumba zisizo na feni zilipumua. Ila kwa sauti, tofali la chini lilikuwa kama mlango uliofungwa katika nyumba isiyo na paa.

Hesabu yake ni rahisi na inashangaza. Chukua ukuta wa mita 10 za mraba, uujenge kwa zege lenye nondo kama la benki. Sasa uache uwazi mmoja wa moja ya kumi ya mita ya mraba, yaani sehemu moja kwa mia ya ukuta, kama tundu unaloweza kulipitishia kitabu kikubwa kilichofunguliwa. Ukuta huo wa benki hautapunguza zaidi ya desibeli 20. Watu wawili wakizungumza kawaida, mtu aliye mita moja kutoka kwao anapata desibeli 60 hivi. Toa 20, unabaki na 40, na usiku wa kimya 40 ni maneno unayoweza kuyafuata. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 za kelele ya mfululizo. Na usidhani tofauti ya 10 ni ndogo. Desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi, na sikio linaisikia kama imekuwa kubwa mara mbili.

Nikapanda darini na tochi. Ukuta wangu wa jipsamu uliishia kwenye silingi. Juu yake palikuwa wazi kabisa, kutoka juu ya sebule hadi juu ya chumba cha mama, na silingi yenyewe ni bodi nyembamba yenye matundu ya taa pande zote mbili. Nilikuwa nimejenga nyumba ya Manzese ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikaifunika kwa rangi.

Niliposhuka nikaona mengine. Soketi ya televisheni ya sebuleni na soketi ya taa ya mama zilikuwa zimegeukiana mgongo kwa mgongo, tundu linatazamana na tundu. Ukizifungua kwa bisibisi unauona mwanga wa upande wa pili. Chini ya mlango palikuwa na uwazi wa vidole viwili. Na mlango wenyewe ulikuwa wa plaiwudi mbili zenye upepo katikati, mwepesi kiasi kwamba mwanangu wa miaka sita aliuinua siku fundi alipoufungua.

Kwa hiyo tulianza upya, na safari hii tulianza na uwazi. Fundi seremala akaendeleza fremu juu ya silingi mpaka chini ya bati, akaikata bodi kuzunguka kila mti wa kenchi, na kila ufa ukajazwa silikoni. Soketi moja tukaihamisha ikaenda ukuta mwingine. Mlango tukabadilisha, tukaweka wa mninga usio na upepo ndani, tukauzungushia utepe wa mpira kwenye fremu na kuuwekea ufagio wa mpira chini. Kazi hii haina picha nzuri. Ukimaliza hakuna cha kumwonyesha mgeni. Lakini jioni ile, kabla hatujagusa kitu kingine chochote kwenye ukuta wenyewe, mke wangu aliketi kwa mama na safari hii hakuweza kunisimulia habari ya gazeti. Alisikia kwamba kuna mtu anasoma, basi.

Kilichobaki kilikuwa uzito. Hapa hakuna ujanja mwingi: kitu kizito ni kigumu kukitikisa. Bodi ya jipsamu ya milimita 12 ina kilo nane au tisa hivi kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa tofali imara la inchi sita, uliopigwa lipu pande zote, unakaribia kilo 300. Ndiyo maana jirani wa nyuma ya ukuta wa tofali uliofika juu unamsikia kwa shida, na wa nyuma ya jipsamu unamjua hadi anachokula. Ukiuongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata desibeli tano au sita zaidi. Waliojenga Mji Mkongwe Zanzibar hawakuwa na kipimo cha desibeli, ila walikuwa na mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zao hufika nusu mita na zaidi. Ingia katika nyumba moja ya zamani pale, ufunge lile jani la mlango mzito, kichochoro chote na mikokoteni yake kinakuacha. Nimewahi kulala katika chumba kimoja cha namna hiyo na nilichokisikia usiku kucha ni feni.

Sikuweza kusimamisha tofali katikati ya sebule. Sakafu ile haikuandaliwa kubeba ukuta mzito. Tukaongeza bodi ya pili juu ya ile ya kwanza upande wa sebuleni, ya milimita 12, viungo vyake visikutane na viungo vya chini, ukingo wote ukazungushiwa silikoni mahali unapokutana na sakafu na kuta. Na pamba ikabaki ndani. Sasa iko mahali pake: ngoma imefungwa pande zote, imekuwa nzito, na tumbo lake limejazwa kitu kinachokula mwangwi.

Kama ningeanza leo, ningefanya jambo moja ambalo nilichelewa kulijua. Ningeweka mistari miwili ya mbao, mmoja wa kubeba bodi za sebuleni na mwingine wa kubeba bodi za chumbani, miti ikipishana, bila mti hata mmoja kugusa bodi za pande zote mbili. Hapo ile njia ya mifupa inakatika. Ukuta unanenepa kwa inchi mbili tatu, mbao zinaongezeka, lakini faida yake inazidi kwa mbali ile ya kununua pamba ya bei kubwa. Na katika ukuta wa namna hiyo pamba inaleta faida kubwa kuliko ilivyoleta katika wangu, kwa sababu hewa ndiyo njia pekee iliyobaki. Wanaojenga sasa hivi, mwambieni fundi kabla hajapiga msumari wa kwanza. Kurudia nimerudia mimi.

Kuhusu pamba yenyewe. Ipo ya kioo na ipo ya mawe, zote zinafanya kazi hii. Ijaze nafasi yote, kona kwa kona, bila kuishindilia mpaka ikawa ngumu, kwa sababu hewa iliyo kati ya nyuzi ndiyo inayochoshwa. Wakati wa kuiweka vaa barakoa, miwani, glavu na mikono mirefu. Inawasha ngozi na kukereketa koo. Wengi wananiuliza kama inaleta saratani kama asbesto. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walizipitia nyuzi hizi mwaka 2001, wakazitoa katika kundi la vitu vinavyoshukiwa na kuziweka katika kundi la vile ambavyo ushahidi hautoshi kuvituhumu. Asbesto ni habari nyingine kabisa, hiyo inaua. Kama nyumba yako ni ya zamani na ina mabati au silingi ya asbesto, usiitoboe wala kuikata ili kupitisha ukuta.

Yule mgeni wangu wa sponji sijamsahau.

Mwaka 1895 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kulikuwa na ukumbi wa mihadhara ambao maneno hayakueleweka. Mhadhiri akitamka neno, linazunguka chumbani sekunde tano na zaidi, linagongana na maneno yanayofuata. Kazi ya kuutibu akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Kwa miezi alifanya kazi usiku, mji ukiwa umelala, akiwa na filimbi ya kinanda na saa, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akiipanga, akipima sekunde, akiirudisha kabla ya asubuhi. Kila mito ilipoongezeka, mwangwi ulifupika. Kutokana na usiku ule tukapata elimu ya kupima jinsi kitu laini kinavyomeza sauti, na ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa ushauri wake.

Sponji za studio hii ni mito ya Sabine. Zinameza sauti yangu isirudi kutoka ukutani na kuniharibia maneno. Daladala la nje halizuiwi na sponji hata kidogo, maana sponji ni nyepesi na hewa inapita ndani yake. Linazuiwa na kuta mbili za tofali zisizogusana, milango miwili mizito iliyofuatana yenye mpira kila upande, na dirisha la vioo viwili vinene visivyolingana unene. Mgeni haoni hayo. Anaona sponji. Anakwenda nyumbani, ananunua sponji za magodoro, au anakusanya trei za mayai, anazibandika ukutani, na sabufa ya jirani inaendelea kama kawaida. Ningekuwa namwonea huruma kwa pesa yake tu ningeishia hapo.

Ila sponji ya godoro inawaka. Inawaka kwa kasi, na moshi wake ni sumu inayomwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya muziki iitwayo The Station, jimbo la Rhode Island, Marekani, watu 100 walipoteza maisha. Majirani walikuwa wamelalamikia kelele, na kuta za kuzunguka jukwaa zikabandikwa sponji. Fataki za wanamuziki zikaigusa. Miaka kumi baadaye, tarehe 27 Januari 2013, katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, fataki ilishika sponji ya sauti iliyokuwa darini. Walikufa 242, wengi wao wanafunzi. Nawaomba, nawasihi, msibandike sponji wala trei za mayai katika chumba anacholala mtoto, chenye mshumaa, dawa ya mbu ya kuwasha na waya za umeme za kuunga. Pamba ya kioo na ya mawe haziwaki. Ukitaka kumeza mwangwi sebuleni, mapazia mazito, zulia, kabati la vitabu na makochi ya kitambaa vinatosha.

Polistairini nyeupe, ile ya kufungia friji, nayo ni nzuri kwa joto tu; ni nyepesi na ngumu, kwa sauti haina msaada. Makumbi ya nazi na katani vinameza sauti vikiwa na unene wa kutosha, na ningefurahi kuona viwanda vyetu vya Tanga vikitengeneza mablanketi ya katani ya kujazia kuta, yaliyotiwa dawa ya moto na ya mchwa. Bila dawa hizo usijaribu.

Sasa nisimdanganye mtu. Kuna kelele ambazo ukuta wa ndani hauziwezi. Mdundo wa sabufa ni mojawapo. Sauti nyembamba ina wimbi fupi, na uzito unaizuia kirahisi. Mdundo wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi la karibu mita saba, refu kuliko chumba chako, na linautikisa ukuta mzima pamoja na sakafu. Hapo dawa iko kwa mwenye sabufa. Mwombe aitoe kwenye ukuta mnaoshirikiana, aiinue kutoka sakafuni, aiwekee chini kipande kinene cha mpira. Jirani yangu wa kushoto alikubali siku ile ile nilipomwendea na kipande cha mpira mkononi, na nikajuta miaka niliyomnunia. Wasiokubali, sheria zipo: Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, Kenya wana zao za mwaka 2009.

Kelele ya barabarani nayo inaingia dirishani, na hapa joto letu linatubana. Hatuwezi kufunga vioo usiku wa Februari. Kama unajenga, geuza dirisha la kulala upande usiotazama baa wala barabara, na huo ndio uamuzi wa bei rahisi kuliko yote niliyoyataja leo, ikiwa utafanywa ramani ikiwa bado karatasi.

Nasisitiza haya kwa sababu ya watoto pia. Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha habari za shule moja ya New York iliyopitiwa na reli ya juu kwa juu. Madarasa ya upande wa reli yalikuwa nyuma katika kusoma kuliko ya upande wa kimya, na kadiri darasa lilivyokuwa la juu pengo lilizidi. Wenye reli wakaweka mpira chini ya vyuma, wenye shule wakaweka silingi ya kumeza sauti. Aliporudi kupima, matokeo yakachapishwa mwaka 1981: pengo halikuwepo. Ninapomwona mtoto wa darasa la saba anasoma huku ukuta nyuma ya kichwa chake unatetemeka, najua anachonyang'anywa.

Mama sasa analala baada ya Isha na televisheni yetu haimfikii. Roli la pamba lililobaki tulilitandaza juu ya silingi yake. Masika yaliyopita alituuliza asubuhi kama usiku mvua ilinyesha. Habari ya goti la pili tulizungumza naye mchana, mlango wazi, yeye akiwa ameketi kati yetu. Kiwanja kipo. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga nani akopwe.

Zimebaki dakika chache, na nataka tuzitumie kwa kupima. Hii redio uliyonayo ndiyo kipimo chako. Ongeza sauti kidogo, iwe ya mtu anayezungumza kawaida. Iache hapo ilipo, nenda chumba cha pili, funga mlango. Mimi nitaendelea kuzungumza.

Umefika? Kama unayasikia maneno haya neno kwa neno, pamoja na tofauti ya sina na shina, sita na zita, basi sauti inapita mahali palipo wazi. Piga magoti, weka sikio chini ya mlango. Kisha kwenye soketi. Kisha panda juu ya kiti, weka sikio kwenye kona ambapo ukuta unakutana na silingi. Mahali ambapo sauti yangu inakuwa kali ghafla, patie alama ya chaki. Hapo anza na silikoni, usinunue pamba bado.

Na kama unasikia mvumo tu, mtu anasema lakini hujui anasema nini, weka kiganja ukutani. Ukihisi unatetemeka, tatizo lako ni uzito. Gonga kwa kifundo cha kidole. Ukiitika kama debe, unajua ni bodi ngapi na mbao zipi za kumwambia fundi.

Nahesabu sasa mpaka ishirini, taratibu, ili uwahi kuzunguka chumba chote. Moja. Mbili. Tatu.